Tupime Tena: Mashine za Kura na Haki ya Kukagua

Mwezi Juni, tukiwa likizo, sisi mafrateri watatu tulipangiwa kukaa wiki chache kwenye kigango kimoja cha wilaya ya Ikungi, kusaidia mafundisho ya Kipaimara na ibada za Jumapili pasipo padri. Ulikuwa msimu wa alizeti. Kila asubuhi magunia yalipangwa kando ya barabara, na mnunuzi aliyetoka mjini alifika na mizani yake mpya, ile inayoonyesha kilo kwa tarakimu nyekundu. Siku moja mama mmoja, muumini wa kigango hicho, aliona gunia lake limepungua kuliko alivyolipima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza ya jirani. Akaomba lipimwe kwa mizani ile ya zamani. Mnunuzi akacheka, akamwambia, "Mama, hii ni ya kompyuta. Mashine haidanganyi." Yule mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, sijasema mashine inadanganya. Nimesema tupime tena."

Halikupimwa tena. Alikuwa na ada ya shule ya kulipa, akapokea alichopewa.

Jioni ile ile, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, mazungumzo baada ya Injili yakaangukia uchaguzi, kama yanavyoangukia mara nyingi siku hizi. Kijana mmoja akatuuliza, "Frateri, kwa nini na sisi tusipige kura kwa mashine, tukamaliza huu ugomvi wa kila mara?" Tukajibu haraka, kwa sauti ya wasomi, kwamba mashine haina chama wala kabila, haichoki wala hailali, na kwa hiyo itakuwa ya haki kuliko watu. Wakatupigia makofi. Yule mama wa alizeti hakupiga. Akauliza tu, "Na mimi nikitaka ihesabiwe tena, nitamwendea nani?"

Hatukuwa na jibu. Tumerudi seminarini, tumesoma, tumebishana, na makala hii ndiyo jibu tulilopaswa kumpa.

Kwetu karatasi bado ipo

Kwanza tuweke wazi jambo moja, maana tumekuta watu wengi wanachanganya. Tanzania hatupigi kura kwa mashine. Mashine tulizoziona mwaka 2015, zile za BVR zilizochukua alama za vidole na picha, zilikuwa za kuandikisha wapiga kura. Siku ya uchaguzi tunapewa karatasi, tunaweka alama, tunatumbukiza kwenye sanduku, na kura zinahesabiwa kituoni mbele ya mawakala wa vyama. Kompyuta inaingia baadaye, kwenye kusafirisha na kujumlisha.

Lakini majirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Jirani mmoja amepitia jaribu ambalo Kanisa Katoliki lilisimama katikati yake, kwa hiyo tukae naye kwa muda.

Kongo, Desemba 2018

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipiga kura tarehe 30 Desemba 2018. Kwa mara ya kwanza Tume ya Uchaguzi, CENI, ilileta mashine za kupigia kura, zaidi ya 100,000, kutoka kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Mpiga kura alipewa karatasi maalumu, akaiingiza kwenye mashine, akagusa kwenye kioo picha ya mgombea wake, na mashine ikachapa chaguo lake kwenye karatasi ile ile. Kisha yeye mwenyewe akaitumbukiza sandukuni. Mashine nayo ilibaki na kumbukumbu yake ndani.

Wapinzani hawakuiamini tangu mwanzo. Kwa Kifaransa neno la kupiga kura na neno la kuiba yanatofautiana kwa herufi moja tu, na watu wa Kinshasa hawakukosa kulitumia hilo: wakaiita mashine ya kuibia. Serikali na Tume wakajibu kwamba ingepunguza gharama za kuchapa karatasi kubwa zenye mamia ya majina ya wagombea ubunge, jambo ambalo kwa nchi ile lina ukweli wake. Wiki mbili hivi kabla ya uchaguzi, moto ukateketeza ghala la Tume mjini Kinshasa pamoja na maelfu ya mashine. Upigaji kura ukasogezwa mbele kwa wiki moja. Mashariki, huko Beni na Butembo ambako watu wanazungumza Kiswahili kama sisi, upigaji kura uliahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, maana yake baada ya rais kuwa ameshaapishwa. Watu wa Beni hawakukubali kukaa nyumbani. Tarehe 30 Desemba walijipanga foleni, wakanawa mikono, wakaandika chaguo lao kwenye karatasi na kuzihesabu wenyewe hadharani. Kisheria kura zile hazikuwa na uzito wowote. Walitaka tu zionekane.

Sasa, Baraza la Maaskofu Katoliki la nchi hiyo, CENCO, lilikuwa limetawanya waangalizi wapatao 40,000. Hawa walikuwa makatekista, walimu, mama wa jumuiya, watu wa aina ile ile tunayokaa nayo Ikungi. Kazi yao haikuwa kuchungulia ndani ya mashine. Walikaa kituoni, wakaangalia karatasi zikihesabiwa kwa mkono, wakanakili kilichoandikwa, wakatuma. Tarehe 3 Januari 2019 maaskofu wakatangaza kwamba kwa takwimu walizonazo yupo mgombea aliyechaguliwa waziwazi, wakaitaka Tume itangaze matokeo kwa kufuata ukweli na haki. Hawakumtaja jina, kwa sababu sheria inaipa Tume peke yake mamlaka ya kutangaza. Hata hivyo walishutumiwa kwamba wanachochea uasi. Intaneti ilikuwa imekatwa nchi nzima tangu siku iliyofuata upigaji kura.

Tarehe 10 Januari Tume ikamtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi kwa asilimia 38.57, akifuatiwa na Martin Fayulu kwa asilimia 34.8. Siku hiyo hiyo CENCO ikasema matokeo hayo hayalingani na takwimu za waangalizi wake. Siku chache baadaye gazeti la Financial Times la London lilichapisha uchambuzi wa takwimu zilizovuja zikisemekana kutoka kwenye mfumo wa Tume yenyewe, zikimpa Fayulu karibu asilimia 59.

Fayulu akaenda Mahakama ya Katiba. Hakuomba apewe urais hapo hapo, aliomba kura zihesabiwe upya kwa mkono. Karatasi zilikuwepo, maana mashine ilizichapa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari Mahakama ikamkatalia, ikisema hana ushahidi wa kutosha, na Tshisekedi akaapishwa tarehe 24. Tume haikutoa matokeo ya kituo kwa kituo ambayo yangemwezesha mtu yeyote kulinganisha.

Tulipofika hapa kwenye mjadala wetu, tuligawanyika. Mmoja wetu alisema maaskofu walipaswa kumtaja mshindi na kuweka takwimu zao zote mezani. Ukishasema unajua, alisema, huwezi kubaki na siri. Mwingine akasema wangemtaja, damu ingemwagika, na ingekuwa mikononi mwao. Hatukupatana, na mpaka leo hatujapatana. Tunachokubaliana ni kwamba waangalizi wale walifanya kitu ambacho mtaalamu wa kompyuta asingeweza kukifanya: walijenga njia ya pili ya kufikia hesabu ile ile. Kile walichoomba ni kile alichoomba mama wa alizeti.

Hesabu sahihi, hoja yenye shaka

Hapa tuingize kidogo masomo yetu, wasomaji watuvumilie. Katika mantiki tunafundishwa kutofautisha mambo mawili. Hoja inaweza kuwa na mpangilio sahihi kabisa, hitimisho likafuata kutoka kwenye misingi bila kasoro, na bado hitimisho likawa la uongo kwa sababu msingi mmoja ni wa uongo. Kompyuta ni bingwa wa jambo la kwanza. Ukiipa namba 40,000 itazijumlisha bila kukosea. Lakini haijui kama namba ya kituo cha 17 ilitoka kwenye sanduku au kwenye mfuko wa mtu. Kwa hiyo anayesema "mashine haidanganyi" anasema kweli kuhusu mpangilio, na hajasema lolote kuhusu misingi.

Na hata mpangilio wenyewe, nani amethibitisha? Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Ken Thompson, mmoja wa waliobuni mfumo wa Unix, alieleza jinsi mtu anavyoweza kuficha hila ndani ya chombo kinachotafsiri programu, kiasi kwamba ukisoma programu yenyewe mstari kwa mstari hutaiona. Hiyo ndiyo sababu ukaguzi wa kutazama programu pekee hautoshi. Wataalamu wa uchaguzi wa kielektroniki wameendelea mpaka kwenye kanuni moja ambayo tunadhani hata mtoto wa Kipaimara anaielewa: mfumo uwe hivi, kwamba programu ikikosea au ikichezewa, kosa hilo liweze kugunduliwa bila kuitegemea programu hiyo hiyo. Yaani kuwe na mizani ya pili.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanzoni kabisa mwa Summa Theologiae, anasema hoja inayotegemea mamlaka ya binadamu tu ndiyo dhaifu kuliko zote. Aliyasema hayo mtu aliyeheshimu mamlaka sana. Tukileta hilo kwenye uchaguzi: "Seva imesema" ni hoja ya mamlaka. Ni mamlaka ya aliyeandika programu, aliyeisakinisha, anayeshika namba za siri. Watu hao tunaweza kuwaamini, tena mara nyingi tunafanya vizuri kuwaamini. Lakini imani ya namna hiyo inahitaji sababu, na sababu yenyewe ni kwamba wanaweza kukaguliwa.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilifika hapo kwa njia ya sheria. Tarehe 3 Machi 2009 iliamua kwamba matumizi ya mashine za kura katika uchaguzi wa bunge wa 2005 yalivunja katiba. Hakuna aliyethibitisha kwamba kura hata moja iliibwa. Sababu ilikuwa kwamba hatua muhimu za uchaguzi lazima mwananchi wa kawaida aweze kuzikagua bila kuwa na utaalamu maalumu. Tuliposoma hivyo tulimkumbuka yule mama. Yeye hajui kompyuta, lakini kwa mujibu wa majaji wale hilo haliondoi haki yake ya kuona.

Kenya: anayeshika ufunguo

Wakenya nao wanapiga kura kwa karatasi. Teknolojia yao, iitwayo KIEMS, inatambua mpiga kura kwa alama za vidole na kusafirisha matokeo. Ugomvi wao kwa hiyo si wa mashine ya kura, ni wa safari ya namba kutoka kituoni hadi Nairobi.

Tarehe 8 Agosti 2017 walipiga kura, na siku tatu baadaye Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 54.27 dhidi ya Raila Odinga. Siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, meneja wa teknolojia ya mawasiliano wa Tume, alikutwa ameuawa. Hofu iliyotanda baada ya hapo haikuhitaji kuelezwa. Odinga akaenda Mahakama ya Juu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba namba zilizoonekana kwenye vioo vya televisheni hazikuambatana na fomu za vituoni, zile zinazoitwa 34A, ambazo sheria ilitaka zitumwe kwa picha pamoja na namba. Ikabainika kwamba Tume ilitangaza mshindi kabla ya kuwa na fomu zote za 34A mkononi, na kwamba baadhi ya fomu za majumuisho zilikosa alama za usalama.

Mahakama ikaamuru seva zifunguliwe ili pande zote zisome bila kugusa kitu. Tume haikutekeleza kikamilifu. Na hapa majaji walio wengi, wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walitoa fundisho ambalo tunaliona ndilo kiini cha somo hili zima. Walisema kwa maana hii: wewe ndiye uliye na kitu ambacho kingethibitisha maneno yako, umeamriwa ukionyeshe, hukukionyesha, basi tunaruhusiwa kuamini madai ya mwenzako juu ya kitu hicho. Tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi ukabatilishwa.

Linganisheni na Kinshasa. Kule mlalamikaji aliambiwa alete ushahidi, wakati ushahidi wenyewe, yaani karatasi na matokeo ya vituo, ulikuwa kwenye maghala na seva za yule anayelalamikiwa. Nairobi mzigo uliwekwa kwa anayeshika ufunguo. Tunajua kanuni ya zamani kwamba anayedai ndiye anayethibitisha, na ni kanuni nzuri. Ila ilitungwa kwa watu wanaoweza kuufikia ushahidi. Mama wa alizeti hawezi kuthibitisha kwamba mizani ni mbovu kama haruhusiwi kuigusa.

Miaka mitano baadaye Wakenya walifanya kitu rahisi sana. Mwaka 2022 Tume yao iliweka picha za fomu 34A kwenye tovuti ya wazi, vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote apakue na kujumlisha mwenyewe. (Vyombo vya habari vilianza kujumlisha kwa mbio kubwa, vikaishia njiani. Kujumlisha nako ni kazi.) Ugomvi haukuisha: makamishna wanne walijitenga na matokeo yaliyompa William Ruto asilimia 50.49, na kesi ikaenda tena Mahakama ya Juu ikiwa na madai mazito kwamba fomu zilibadilishwa zikiwa njiani. Lakini safari hii kulikuwa na mahali pa kulinganishia. Sanduku za vituo kadhaa zilifunguliwa na kura zikahesabiwa upya, seva zikakaguliwa chini ya msajili wa mahakama, fomu halisi zikawekwa kando ya zile za tovuti, na tofauti iliyodaiwa haikuonekana. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote kwa pamoja waliyakubali matokeo. Ukaguzi ule ule uliomwangusha mshindi wa 2017 ulimlinda mshindi wa 2022. Tunawaomba wasomaji wenzetu wasilipite hili haraka, kwa maana mara nyingi anayeomba kukagua anaonekana adui wa aliyeshinda.

Na sisi?

Turudi nyumbani, kwa heshima na bila woga. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Hatuandiki haya kama wanasiasa. Sisi si wanasiasa. Tunasema tu kwamba mazungumzo ya kuleta mashine kabla ya mazungumzo ya nani atakagua ni kununua mizani ya tarakimu na kuitupa ile ya kuning'iniza siku hiyo hiyo. Karatasi ya Kongo ilikuwepo, ikalala kwenye sanduku. Haikusaidia kwa sababu hapakuwa na aliyelazimika kulifungua.

Kuna jambo la Mtakatifu Paulo ambalo tulilisoma mara nyingi bila kulitilia maanani. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakubeba fedha peke yake. Anaeleza kwamba aliwatuma ndugu wengine pamoja, waliothibitishwa na makanisa, ili pasiwe na wa kumlaumu kuhusu fedha ile nyingi, kwa kuwa alitaka mambo yawe mema mbele ya Bwana na pia mbele ya watu. Paulo! Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kusema "niamini", ni yeye. Wala hakuona aibu kukaguliwa, na wale ndugu hawakuonekana kumdharau kwa kumsindikiza.

Ndiyo maana sadaka zetu huhesabiwa na watu zaidi ya mmoja baada ya Misa. Lakini tuseme ukweli: tumeona pia chaguzi za viongozi wa walei ambako vikaratasi vilihesabiwa sakristia, mlango umefungwa, na waumini wakaletewa majina tu. Pengine majina yalikuwa sahihi. Waliokuwa nje hawakuwa na njia ya kujua, na minong'ono iliyofuata iliwaumiza hata viongozi waliochaguliwa kwa haki.

Kabla ya kuondoka Ikungi, kigango kilikuwa na uchaguzi mdogo wa katibu wa jumuiya. Katekista, bila sisi kumwambia chochote, aliomba ubao wa darasani, akaita watoto wawili wa Kipaimara, mmoja akasoma kila kikaratasi kwa sauti na mwenzake akachora mstari ubaoni. Mgombea aliyeshindwa kwa kura mbili akaomba zirudiwe. Tulimtazama yule mama. Alikuwa ameshasimama kusogeza benchi ili watu wa nyuma waone ubao. Zikarudiwa. Tofauti ikawa kura moja badala ya mbili, mtoto alikuwa ameruka mstari. Mshindi akabaki yule yule, wakapeana mikono, tukaenda kula.

Kwa ajili ya mazungumzo katika jumuiya: Je, katika kigango chenu, nani anashika daftari la hesabu, na muumini wa kawaida akitaka kuliona anapitia kwa nani? Mkiwa waangalizi kama wale wa Kongo, na mkawa na namba zinazopingana na zilizotangazwa, mngesema nini na mngenyamaza wapi? Na ninyi mnaopima alizeti za watu, mko tayari kupima tena?